Fundi na Mwanafunzi: Nafasi ya Mkono katika Mhadhara wa Isimu, kwa Mifano ya Kibaha na Kisarawe

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ihusuyo ufundishaji wa Kiswahili nchini Tanzania, mhadhara umekuwa ukizungumzwa kwa namna mbili zinazopingana. Upo upande unaouona kuwa ndiyo njia pekee inayolifaa somo la nadharia kama isimu, ambamo dhana ni nyingi, wanafunzi ni wengi na vitabu ni vichache. Upo pia upande unaouona kuwa ni njia iliyopitwa na wakati, inayomfanya mwanafunzi awe chombo cha kupokea maneno na kuyarudisha siku ya mtihani. Hata hivyo, pande zote mbili huafikiana katika jambo moja bila ya kulitamka: kwamba mwanafunzi wa kazi za mikono, yaani yule achongaye, ashonaye, afinyangaye au achoraye, hana mahali pake katika darasa la mhadhara. Wa kwanza humwona kuwa amepotea njia. Wa pili humwonea huruma na kumtafutia michezo ya kumwondolea uchovu.

Makala haya yanaipinga dhana hiyo. Yanadai kwamba kinachomchosha mwanafunzi huyo si wingi wa maneno ya mhadhiri, bali ni kupewa majibu ya maswali ambayo hajawahi kujiuliza. Mhadhara unaofaa ni ule unaotanguliwa na kazi: mkono utangulie kuuliza, mhadhara ufuate kujibu. Mpangilio huo ukizingatiwa, mwanafunzi wa mikono huacha kuwa tatizo la darasa la isimu na kuwa mmoja wa wajuzi wake. Mifano inatolewa katika Kibaha na Kisarawe, wilaya mbili za Mkoa wa Pwani ambazo historia zake, kwa njia tofauti, zina mengi ya kulifundisha darasa la chuo kikuu.

Suala hili si la mbinu tu. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutekeleza mitaala mipya inayoipa elimu ya sekondari mikondo miwili, wa jumla na wa amali. Vijana waliochagua useremala, uashi, ushonaji au sanaa sasa wamo madarasani kwa haki yao, wala hawamo kwa bahati mbaya. Walimu wa lugha watakaowafundisha wanaandaliwa katika kumbi za mihadhara za vyuo vikuu, na ni jambo lililozoeleka kwamba mwalimu hufundisha jinsi alivyofundishwa. Iwapo mhadhara wa chuo kikuu haujui la kufanya na mkono wa mwanafunzi, shule ya amali nayo haitajua.

2.0 Ushahidi wa Lugha Yenyewe

Kabla ya kuzitazama nadharia za ufundishaji zilizotoka mbali, ni vema kuisikiliza lugha inayofundishwa. Kiswahili kina kitenzi -funda, ambacho maana yake mojawapo ni kumpa mtu mafunzo, hasa mwari anayeandaliwa kuingia utu uzima. Kutokana na mzizi huo hupatikana -fundisha, mafundisho na mafunzo, na pia mwanafunzi. Katika ukoo huohuo wamo fundi na ufundi. Yule anayeranda ubao, yule anayesimama mbele ya darasa na yule anayeketi kusikiliza wote wanaitwa kwa maneno ya shina moja. Lugha haikuweka ukuta baina ya karakana na darasa. Ukuta huo ulijengwa na shule.

Ushahidi wa pili ni neno somo. Kwa mwanafunzi wa leo, somo ni kile kinachofundishwa kwa kipindi. Lakini katika pwani nzima somo ni pia mwanamke anayemfunda mwari, anayekaa naye, anayemwonyesha na kumrudia hata ajue. Hata kama maana hizi mbili hazikutoka katika chimbuko moja, kukutana kwake katika umbo moja kuna jambo la kumkumbusha mhadhiri: somo linaweza kuwa mtu, na mtu huyo hatoi maneno matupu.

Inaweza kusemwa kwamba etimolojia si hoja. Ni kweli kwamba asili ya neno haimlazimishi mtu afundishe kwa namna fulani. Hata hivyo, mwanaisimu anayedai kwamba kazi ya mkono ni kitu kigeni kwa elimu ana wajibu wa kueleza kwa nini jamii iliyoiunda lugha anayoifundisha haikuona hivyo.

3.0 Urithi wa Kibaha na Kisarawe

Kibaha, yapata kilometa 40 magharibi ya Dar es Salaam kwenye barabara ya Morogoro, inajulikana kielimu kwa sababu ya kituo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Ulaya ya Kaskazini, zikiwamo Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mwaka 1970 kituo hicho kilikabidhiwa kwa Serikali ya Tanzania, na ndicho kilichokuwa Shirika la Elimu Kibaha. Tangu mwanzo kiliunganisha mahali pamoja shule ya sekondari, huduma za afya na mafunzo ya wakulima. Baadaye kikawa pia na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, ambamo watu wazima na vijana hujifunza stadi za kazi.

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianzishwa nchini tangu mwaka 1975, na idadi yake ikapita 50. Vilichukua mfano wa vyuo vya wananchi vya Sweden, ambavyo navyo vilitokana na fikra za Mdenmark N.F.S. Grundtvig, aliyeishi kati ya 1783 na 1872. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba Grundtvig hakuwa adui wa mhadhara. Kinyume chake, alilithamini mno neno linalosemwa kinywa kwa kinywa, akaliita neno lililo hai, akalitofautisha na elimu ya kukariri vitabu. Chuo cha kwanza cha aina hiyo kilifunguliwa Rødding mwaka 1844, na maongezi ya mwalimu yalikuwa sehemu kubwa ya mafunzo yake. Kwa hiyo wale wanaodhani kwamba kumjali mwanafunzi wa mikono ni kuufuta mhadhara wamekosea hata kwa kipimo cha mapokeo yaliyoizaa Kibaha. Kilichotakiwa ni kwamba neno liwe hai, yaani liwe na uhusiano na maisha ya anayelisikia.

Kisarawe ina urithi wa namna nyingine. Huko Minaki, wamisionari wa Kianglikana walihamishia kutoka Zanzibar chuo cha Mtakatifu Andrea katika miaka ya 1920, na shule hiyo ikawa miongoni mwa zilizotoa wasomi wa mwanzo wa nchi. Elimu ya Minaki ilikuwa ya kitabu, ubao na daftari. Lakini katika vijiji vilivyoizunguka Wazaramo walikuwa na elimu yao iliyokuwa na walimu, mtaala, zana na hata mtihani. Katika unyago wa Kizaramo, mwari aliyewekwa ndani hupewa mwana hiti, kinyago kidogo cha mti chenye kiwiliwili, kichwa na mtindo wa nywele wenye vishungi viwili, pasipo mikono wala miguu. Mwari hukitunza kama mtoto. Mafundisho huja kwa wimbo, kwa fumbo na kwa ngoma, lakini huja juu ya kitu ambacho tayari kimo mikononi mwake. Kitu hutangulia na maelezo hufuata. Mwari anapoambiwa maana, huwa ameshaishi na swali kwa siku nyingi.

Katika Kisarawe, basi, mifumo miwili ya elimu iliishi jirani bila ya kusalimiana. Si vigumu kuona kwa nini Julius Nyerere, aliyefundisha Pugu, mpakani kabisa na Kisarawe, kabla ya kuuacha ualimu mwaka 1955, alikuja kuandika katika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967 kwamba shule zilizorithiwa ziliwafundisha vijana kuidharau elimu isiyotoka kitabuni. Utekelezaji wa mwongozo ule mara nyingi uliishia shambani: wanafunzi walilima asubuhi wakasoma mchana, na jembe halikuingia katika somo wala somo halikuingia katika jembe. Kazi na maelezo viliwekwa chini ya paa moja, lakini havikuunganishwa. Hilo ndilo kosa ambalo mkondo wa amali unaweza kulirudia kwa vifaa vipya.

4.0 Mkono Utangulie, Mhadhara Ufuate

Mara nyingi husemwa kwamba kuna wanafunzi wanaojifunza kwa macho, wengine kwa masikio na wengine kwa mikono, na kwamba kila mmoja afundishwe kwa njia yake. Usemi huu umeenea sana katika kozi za ualimu, lakini hauna msingi imara. Mwaka 2008 Harold Pashler na wenzake walizipitia tafiti zilizokuwapo, wakaona kwamba hazitoi ushahidi wa kutosha kuwa kumgawia mwanafunzi njia inayolingana na aina yake humfanya ajifunze zaidi. Onyo hilo ni muhimu kwa mjadala huu. Kumwambia kijana wa useremala kwamba akili yake iko mikononi ni kumfungia mlango wa nadharia huku ukijidai kumsaidia.

Hoja inayoshikiliwa hapa ni nyingine. Mwaka 1998 Daniel Schwartz na John Bransford walionyesha kwamba wanafunzi waliotangulia kuchambua mifano inayotofautiana, ndipo wakasikiliza mhadhara, waliutumia mhadhara huo vizuri kuliko wale waliotangulia kusoma na kufupisha matini kuhusu jambo lilelile. Mhadhara ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni utayari wa masikio. Aidha, uchambuzi wa tafiti 225 za masomo ya sayansi, uhandisi na hisabati uliochapishwa na Scott Freeman na wenzake mwaka 2014 uligundua kwamba wastani wa wanafunzi walioshindwa ulikuwa asilimia 33.8 katika madarasa ya mhadhara mtupu, na asilimia 21.8 katika madarasa ambamo wanafunzi walipewa kazi ya kufanya. Tafiti hizo hazikuwa za isimu, wala hazikuwahusu mafundi peke yao. Zinaonyesha kwamba kazi inayotangulia au inayoambatana na maelezo huwafaa wote, na hivyo mwanafunzi wa mikono haombi upendeleo.

Katika isimu hoja hii ina nguvu zaidi, kwa kuwa neno la Kiswahili ni kitu kilichoundwa. Lina vipande vinavyochaguliwa, kukatwa na kuungwa kwa mpangilio maalumu, na mahali pa kiungo mara nyingi pana alama ya kazi. Mwenye mazoea ya kuunga mbao anaweza kuiona alama hiyo upesi kuliko aliyezoea kukariri.

5.0 Mifano Mitatu

Mifano ifuatayo inapendekezwa kwa darasa la mofolojia la mwaka wa kwanza, na inaweza kufanywa pia katika chuo cha ufundi au shule ya amali.

5.1 Useremala

Mezani pawekwe randa, patasi, msumeno, tezo, kipimo na pimamaji, pamoja na vibao vidogo ambavyo wanafunzi wenyewe wamevikata na kuandika juu yake maneno ya kazi: mjenzi, mchongaji, mfinyanzi, mshonaji, msusi, mlinzi, mpishi, kichongeo, kizibo, mchoro, ufagio. Kazi yao ya kwanza ni kupanga tu. Bila ya kuambiwa kanuni yoyote watatenga watu na vitu, na watagundua kwamba majina ya vitu huishia kwa -o ilhali majina ya watu huishia kwa -i au -aji.

Kazi ya pili ni kukirudisha kila kibao kwenye kitenzi chake. Hapo ndipo ugumu unapoanza. Mjenzi hutokana na -jenga, lakini ng imekuwa nz. Mfinyanzi na -finyanga ni vivyo hivyo. Msusi hutokana na -suka, mpishi na -pika, mlinzi na -linda. Kwa nini basi mchongaji amebaki na ng yake? Kwa nini katika mjenzi sauti imekatwa, na katika mjengaji haikuguswa? Seremala atasema kwamba kipande cha -i hakikai mpaka upande wa pili uchongwe, ilhali -aji hukaa bila ya kuchonga chochote. Kwa maneno yake mwenyewe ameitamka kanuni ya fonolojia.

Kisha aingizwe fundi, na nyuma yake mshindi. Ikiwa -linda hutoa mlinzi na -penda hutoa mpenzi, ilikuwaje -shinda ikatoa mshindi badala ya *mshinzi? Na ilikuwaje shina moja likatoa fundi lenye nd na mwanafunzi lenye nz? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa vibao. Linahitaji historia ya irabu za Kibantu cha kale, suala la kipindi ambacho kanuni ilikuwa hai, na suala la maneno yaliyoundwa kanuni ilipokwisha kulegea. Sasa mhadhiri asimame, azungumze hata kwa saa nzima. Hakuna atakayesinzia, kwa kuwa kila mmoja ana kibao mkononi kisichokaa mahali pake.

5.2 Ufinyanzi

Kisarawe na milima ya Pugu ni nchi ya udongo. Hata udongo mweupe wa kaolini unapatikana huko. Wanafunzi wafinyange vyombo vitatu vya umbo moja na ukubwa tofauti, kisha waulizwe majina. Watasema chungu, jungu na kijungu. Waulizwe tena wingi wake: vyungu, majungu, vijungu. Wakivipanga vyombo hivyo mstari mmoja, wataona kwamba chungu kina ki- iliyobadilika umbo mbele ya irabu, jungu lina ji-, na kijungu kimebeba vyote viwili, yaani ki- imekaa juu ya j- kama kifuniko juu ya chungu. Wakichukua mwiko wa kupikia na kijiko, kisha mti na kijiti, mto na kijito, mji na kijiji, watauona mpangilio uleule ukijirudia.

Baada ya hapo mhadhara wa ngeli una mahali pa kushika. Mhadhiri aweza kueleza kwa nini ngeli si orodha ya viambishi tu, na jinsi ukubwa na udogo unavyoibadilisha sarufi ya sentensi nzima. Aweza pia kueleza ilikuwaje majungu yakawa jina la fitina, na kwa nini methali isemayo kwamba jungu kuu halikosi ukoko haikusema chungu. Mwanafunzi aliyewahi kukwangua ukoko hahitaji kuambiwa kwamba umbo la neno hubeba maana.

5.3 Ushonaji

Kauli za kitenzi hufundishwa kwa kawaida kama orodha: kutenda, kutendea, kutendesha, kutendwa, kutendeka, kutendana. Mwanafunzi huikariri, huijibia mtihani, kisha huisahau. Orodha hiyohiyo ni maisha ya kila siku ya kibanda cha cherehani. Fundi ameshona sare. Fundi amemshonea mtoto sare. Mzazi ameshonesha sare. Mtoto ameshonewa sare. Sare imeshonwa.

Wanafunzi wanne wasimame na kitambaa kimoja: fundi, mzazi, mtoto na mmoja wa kuwaongoza. Kwa kila sentensi anayetajwa asogee mbele, asiyetajwa arudi nyuma, na kitambaa kipite katika mkono wa yule kilichomfikia. Mara moja itaonekana kwamba kiambishi -e- humwingiza mtu mpya jukwaani, kwamba -esh- humweka mzazi mbele na kumfunika fundi, na kwamba -w- humwondoa mtenda na kuacha nafasi yake wazi. Kisha waulizwe: mtoto ameshonewa sare ni sentensi njema, je, sare imeshonewa mtoto? Watasitasita, na kusita kwao ni data. Mwishoni waonyeshwe sindano ya kushonea na mkasi wa kukatia, ambamo -e- ileile haimtaji anayenufaika bali chombo. Je, ni kiambishi kimoja au viwili? Kichongeo cha seremala kitakuwa kimerudi kwa mlango mwingine, na mhadhara juu ya kauli ya kutendea utakuwa na swali la kujibu.

Igizo la namna hii si jambo geni nchini. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanavijiji kwa kuutumia uigizaji kama njia ya kuchunguza matatizo yao, na mradi wa TUSEME ulioanza mwaka 1996 uliipeleka njia hiyo katika shule za sekondari. Cha kushangaza ni kwamba idara za lugha, zilizo jirani na idara hiyo ya sanaa, hazikuazima mengi kutoka kwake.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mbinu hii hupunguza kina cha somo: muda unaotumika kupanga vibao ungetosha kufundisha nadharia mbili. Hoja hii ina uzito, na haifai kujibiwa kwa kejeli. Ni kweli kwamba mada chache zaidi zitafundishwa. Lakini nadharia iliyotajwa si nadharia iliyoeleweka, na wasahihishaji wa mitihani wanajua ni majibu mangapi yanayoorodhesha aina za mofimu bila ya kuweza kulichanganua neno moja jipya. Aidha, mifano iliyotolewa hapa inaishia katika maswali ambayo wanaisimu wenyewe wanayajadili. Huko si kushusha kiwango.

Pingamizi la pili ni wingi wa wanafunzi. Darasa la mamia haliwezi kufinyanga vyungu. Hata hivyo haitakiwi kila mhadhara uwe na udongo. Kinachotakiwa ni kwamba kila mhadhara utanguliwe na kitu cha kushughulikia, na kwa darasa kubwa kitu hicho chaweza kuwa kipande cha karatasi chenye maneno kumi ya kupanga, kinachogawiwa kwa kila wanafunzi watano, kwa dakika kumi na tano za kwanza. Gharama yake ni ndogo. Gharama kubwa ni ya mhadhiri, ambaye lazima akubali kuanza akiwa kimya.

Pingamizi la tatu hutoka upande wa mafundi wenyewe, na ndilo linalostahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Upo uwezekano wa chuo kikuu kuugeuza ufundi kuwa pambo: kumleta mfinyanzi mlangoni, kumpiga picha, kuchukua maneno yake na kumwacha arudi alikotoka. Vivyo hivyo, yako mafundisho ya unyago ambayo si mali ya ukumbi wa mihadhara, na mtafiti mwenye adabu huishia pale wenyewe walipoweka pazia. Kinachoazimwa kwa unyago hapa ni utaratibu wake wa kufundisha; siri zake zibaki kwa wenyewe. Na fundi akialikwa darasani, aalikwe kama mjuzi wa lugha ya kazi yake, alipwe kama mjuzi, na jina lake liandikwe katika orodha za istilahi zinazotokana na kazi hiyo.

Jambo hili la istilahi lina uzito wake. Kamusi ya msingi ya ufundi ya Kiingereza na Kiswahili iliyotungwa na Rajmund Ohly na kutolewa Dar es Salaam mwaka 1987 ilionyesha kwamba mwanaisimu anaweza kuvifanyia kazi vitu vya karakana. Lakini lugha ya karakana haikusimama mwaka huo. Mafundi wanaendelea kuunda, kuazima na kutohoa kila siku, na maneno mengine yanakufa pamoja na vifaa vyake: kadiri mashine za umeme zinavyoenea ndivyo tezo na keekee zinavyopungua mikononi mwa vijana, na maneno yanayozizunguka hupungua pia. Mwanafunzi wa amali anayeketi darasani akidhaniwa hajui kitu, huenda ndiye pekee mle ndani anayeyajua maneno hayo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mhadhara na kazi ya mikono si wapinzani. Lugha yenyewe inawaita fundi na mwanafunzi kwa shina moja. Kibaha ilirithi mapokeo yanayoliheshimu neno la mwalimu ilimradi liwe hai, na unyago wa Kisarawe ulikuwa na utaratibu wa kutanguliza kitu na kufuatisha maelezo muda mrefu kabla ya tafiti za kisasa kuuthibitisha utaratibu kama huo.

Mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, katika kozi za mofolojia na fonolojia kila mada ianze na kazi ya kupanga, kuunga au kuigiza, na mhadhara ujengwe juu ya maswali yaliyozuka. Pili, mitihani ya kozi hizo iwe na sehemu ambamo mwanafunzi anapewa maneno asiyowahi kuyaona darasani na kutakiwa ayachanganue, kwani mtihani wa kukariri utaendelea kuzaa mhadhara wa kukaririsha. Tatu, walimu wa Kiswahili walio mafunzoni watumie sehemu ya muda wao katika karakana, iwe ya chuo cha maendeleo ya wananchi au ya fundi wa mtaani, wakikusanya maneno ya kazi na kuyachambua pamoja na wenye nayo.

Pendekezo la tatu ndilo lililo rahisi kuliko yote, na ndilo linaloelekea kuahirishwa kuliko yote, kwa kuwa linamtaka msomi aende kuuliza. Wanafunzi wa mkondo wa amali walioanza mwaka 2024 hawataweza kusubiri. Watakapofika katika somo la uundaji wa maneno, atakayesimama mbele yao atakuwa ama mtu anayejua kwamba fundi na mwanafunzi ni ndugu, ama mtu atakayewasomea orodha.